Mzee haamini tena taarifa ya habari: jibu kwa binti wa Kisauni

"Assalaam aleikum, na shikamoo. Babangu ana miaka 64, amestaafu bandarini, tunaishi naye Kisauni. Miaka yote alikuwa mtu wa redio na gazeti, saa moja jioni nyumba nzima kimya asikize habari. Tangu mwaka jana ameacha. Sasa ni simu tu, klipu za wachambuzi wa Marekani wa upande wa kihafidhina, wale wa kina Trump, nyingine zimewekwa sauti ya Kiswahili juu yake, na akitoka swala ya alfajiri anazifowadi kwa grupu la familia kabla hatujaamka. Anasema media yote imenunuliwa, hapa na ng'ambo, na watu wa dini na familia kama yeye hawapewi nafasi. Ndugu yangu mdogo yuko chuo, wakikaa kula ni vita, juzi mzee aliinuka akaacha chakula. Nimekutumia moja ya zile klipu. Niambie ukweli, babangu anadanganywa ama ana haki? Na je nimtolee hizo app kwa simu, manake mimi ndo humuwekea bando?"

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako niliisoma usiku nikairudia asubuhi, na ile klipu nimeitazama mara sita, nitakwambia mbele huko kwa nini sita. Ninavyokuelewa, kinachokusumbua hasa si siasa za Marekani. Unaona mzee anakuponyoka, nyumba iliyokuwa ikikaa pamoja saa moja jioni sasa kila mtu ana simu yake na hasira yake, na hujui ukimgusa utamvunjia heshima ama ukimwacha utampoteza. Umri wangu na wa babako hauko mbali, na wenzangu wawili watatu wa baraza wamepita njia hiyohiyo, kwa hivyo naijua hiyo hofu.

Nimekaa chumba cha habari miaka 26, mingi yake hapa Mombasa, redio kwanza halafu gazeti, sasa nafundisha maripota vijana. Na nikwambie mapema usije ukadhani nimeficha, mambo ya ndoa, ya malezi, ya dini kuheshimiwa, mimi na babako tungekaa tukanywa kahawa na tukakubaliana mengi. Sasa ukiniuliza anadanganywa ama ana haki, nakujibu yote mawili. Malalamiko yake mengi yana haki. Dawa aliyopewa ndo mbovu.

Nianze na nduguyo. Mwambie kwa upole kwamba anakosea anapomjibu mzee kana kwamba kuwa mhafidhina ni kutojua. Mtu kusema ndoa ni ya mume na mke, ama wazazi waulizwe kabla watoto hawajafundishwa mambo fulani, ama serikali isitie mkono kila mahali, huo ni msimamo, unaweza kuukubali ama kuukataa lakini si uongo. Katiba yetu wenyewe ya 2010 ina vipengele ambavyo kule Marekani vingeitwa vya kihafidhina bila kusita, kifungu cha 26 kinasema uhai unaanza mimba inapotungwa, cha 45 kinampa mtu mzima haki ya kuoana na wa jinsia tofauti. Kijana wa chuo akiyacheka hayo mbele ya babake, mzee anasikia ametukanwa yeye, wazazi wake na dini yake kwa mara moja, na hapo hata uje na ushahidi wa namna gani hautapokelewa.

Lakini pana jambo ambalo nadhani mzee mwenyewe hajalitazama vizuri. Wahafidhina si chama kimoja. Muulize tarehe 4 Agosti 2010, siku ya kura ya maoni ya katiba, alipiga kura gani. Viongozi wengi wa makanisa walipiga kampeni ya LA, na sababu zao mbili kubwa zilikuwa kipengele cha utoaji mimba na mahakama za kadhi. Mahakama za kadhi mwanangu, ambazo hapa pwani ni urithi wa mkataba wa Sultani wa Zanzibar na Waingereza wa 1895, na uhuru ulipokuja 1963 zikahifadhiwa. Waislamu wengi wa huku walisimama upande wa NDIO kwa sababu hiyohiyo. Watu wa dini kote kuwili, wote wanapenda familia, wote wanaogopa Mungu, na walikuwa wakivutana kamba. Yule mchambuzi wa Marekani anamuuzia babako furushi zima, na mzee amelibeba zima kwa sababu vitu viwili vitatu vya juu vinampendeza. Hajafungua chini. Chini ndo kuna ile amri ya Januari 2017 ya kuzuia watu wa nchi 7 zenye Waislamu wengi wasiingie Marekani, Somalia ikiwemo, ambayo wengi wa wachambuzi hao waliitetea, na wewe unajua majirani wangapi hapo Kisauni wana jamaa Somalia. Tena hata Marekani kwenyewe hawasemi sauti moja. Mpango wa PEPFAR ulioleta dawa za ukimwi Kenya ulianzishwa 2003 na George W. Bush, rais mhafidhina na mtu wa kanisa, na shirika la USAID lililokuwa likipeleka sehemu kubwa ya msaada huo likafungwa katikati ya 2025 na serikali ambayo nayo inajiita ya kihafidhina. Mzee akisema yuko na wahafidhina, muulize bila ubishi, yupi?

Sasa tuje kwenye media kununuliwa, na hapa nataka nikupe kisa changu mwenyewe.

Mwaka mmoja, nikiwa redioni, wazazi na mashekhe na wachungaji waliungana kulalamikia jambo la shule fulani. Walikutana wakaongea kwa utaratibu. Ripota alirudi na mahojiano ya dakika 11, mimi ndo nilikuwa zamu. Taarifa ya saa moja haina dakika 11 za jambo moja, ina sekunde 40. Nikakata. Na kilichobaki, nikikumbuka hadi leo nasikia vibaya, kilikuwa ni sauti ya mzee mmoja aliyepandwa na hasira mwishoni, kwa sababu hasira kwenye redio inasikika vizuri, na saa ilikuwa inakimbia. Hakuna aliyenipa hata shilingi. Kesho yake asubuhi wazee wanne walikuja ofisini wakaketi kwenye ile benchi ya mbao ya mapokezi, kofia zao magotini, na mmoja wao, si yule wa hasira, akaniuliza, "Mwanangu, mimi niliongea dakika tano. Maneno yangu yako wapi?" Sikuwa na jibu. Tulikubaliana jioni ile tuwarudishe hewani dakika tatu nzima, wakasema yao.

Babako anapolalamika watu wa aina yake hawapewi nafasi, ndo hilo analolisikia bila kuwa na jina lake. Sehemu ndogo ni rushwa na amri. Sehemu kubwa ni kukata, na anayekata ana haraka, ana umri fulani, amesoma mahali fulani, marafiki zake wanafanana naye, na kisu chake kinaegemea bila yeye kujua. Kinaegemea hata kwenye maneno. Shirika la habari la AP, ambalo magazeti ya dunia nzima yanafuata mwongozo wake wa lugha, Aprili 2013 liliacha kuandika "mhamiaji haramu". Kwenye utoaji mimba linaandika "wanaopinga utoaji mimba", halitumii lile jina ambalo wenyewe wanajiita, watetezi wa uhai, wala halitumii jina ambalo upande wa pili unajiita. Ukiwauliza AP wana sababu zao na wanazieleza. Lakini mhafidhina akisoma kila siku maneno ambayo yeye nyumbani kwake hayatumii, anahisi yuko ugenini, na simlaumu.

Kuna makosa makubwa zaidi ya maneno. Oktoba 2020, wiki chache kabla ya uchaguzi, gazeti la New York Post lilitoa habari ya kompyuta ya mtoto wa Joe Biden, na Twitter wakazuia watu wasiitume ile linki kabisa, baadaye bosi wao Jack Dorsey akakiri ilikuwa makosa. Machi 2022 New York Times wakaandika kwamba barua pepe za kwenye ile kompyuta walizozichunguza zilikuwa za kweli. Na hii ya majuzi, ambayo nadhani mzee ameisikia, ni ya BBC. Kipindi chao cha Panorama kilichukua hotuba ya Trump ya tarehe 6 Januari 2021 wakaunganisha sentensi mbili zilizokuwa zimepishana zaidi ya dakika 50, zikasikika kama sentensi moja, kana kwamba aliwaambia watu moja kwa moja twendeni bunge la Capitol tukapigane. Ilipofichuliwa, mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness walijiuzulu siku moja, tarehe 9 Novemba 2025. BBC mwanangu, ambao wazee wetu wamewasikiza kwa Kiswahili tangu 1957. Si ajabu imani imeshuka. Kule Marekani, kampuni ya kura za maoni ya Gallup 1976 ilipata watu 72 kwa 100 wakiamini media kwa kiasi kikubwa ama cha kutosha, 2025 wakawa 28, na kwa wafuasi wa Republican, chama cha Trump, ni 8 tu. Kwa hivyo mzee hayuko peke yake wala hajarogwa.

Ila kuna kitu cha kuangalia kwenye hiyo ya BBC. Nani aliyeifichua? Gazeti la Telegraph la Uingereza, gazeti la kihafidhina la siku nyingi, lilipata waraka wa ndani wa BBC wenyewe, likatoa tarehe, jina la kipindi na dakika, kila mtu akaweza kwenda kuhakiki. Hao ni wahafidhina wakifanya kazi ya habari. Baada ya hapo watu wakakosa kazi. Huo mfano ndo ningependa mzee aushike, kuliko wa yule bwana wa kwenye klipu.

Kuhusu media ya hapa kwetu, kwamba yote imenunuliwa. Wenye vyombo wana masilahi, hilo tangu jadi. Gazeti la Standard lilizaliwa hapahapa Mombasa 1902 likiitwa African Standard, mwenyewe akiwa mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, miaka michache baadaye akaliuza kwa Waingereza na likageuka kuwa sauti ya walowezi. Matangazo ya biashara yanabana, matangazo ya serikali yanabana zaidi. Lakini kitu kilichonunuliwa hukizimi. Tarehe 30 Januari 2018 serikali ilizima Citizen, NTV na KTN zilipokuwa zinataka kuonyesha Raila Odinga akijiapisha pale Uhuru Park, zikakaa gizani siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025 mamlaka ya mawasiliano ikaagiza vituo viache kurusha maandamano moja kwa moja, vingine vikazimwa, hadi mahakama kuu ikasimamisha agizo hilo. Mzee aliyefanya kazi bandarini anajua tofauti ya mzigo uliolipiwa na mzigo uliozuiliwa.

Hapa sasa ndo kiini cha jibu langu, naomba utulie nacho. Habari na maoni ni kazi mbili. Ripota anaulizwa nani alikuwepo, saa ngapi, nani mwingine amethibitisha, na akikosea kuna mtu wa kumrudi. Mchambuzi analipwa kwa mtazamo wake na namna anavyousema. Zamani kwenye gazeti ulikuwa ukiona kabisa, ukurasa wa kwanza habari, katikati tahariri na makala za maoni, kuna mstari na picha ya mwandishi juu. Redio na TV za Marekani nazo tangu 1949 zilikuwa na kanuni ya serikali iliyowataka wenye leseni watoe nafasi kwa pande zinazopingana kwenye mambo yenye utata, ikafutwa 1987. Mwaka uliofuata kipindi cha redio cha mchambuzi mhafidhina Rush Limbaugh kikaanza kusikika nchi nzima, 1996 kituo cha kihafidhina cha Fox News kikazaliwa, na MSNBC ya mrengo wa pili nayo ni ya mwaka huohuo. Wakagundua mtazamaji anakaa zaidi akisikia anachokiamini tayari kikisemwa kwa sauti kubwa, basi mchana habari kidogo, jioni maoni, na meza zote mbili zinafanana.

Na wenyewe wanajua kwamba ni maoni, wanasema hivyo wakiwa mahakamani. Kulikuwa na kesi ya kumharibia mtu jina dhidi ya Fox kwa maneno ya mchambuzi wao Tucker Carlson, mawakili wa Fox wakajitetea kwamba mtazamaji mwenye akili zake anajua jamaa anatia chumvi, hatoi taarifa ya mambo yalivyo, na Septemba 2020 jaji akakubali. Usikimbilie kumwambia nduguyo afurahi, manake Rachel Maddow wa MSNBC, wa mrengo wa kushoto, alishtakiwa kwa namna hiyo akajitetea kwa namna hiyohiyo, akashinda 2020 na mahakama ya rufaa ikathibitisha 2021. Wawili mahasimu, kinga moja. Ila ukitoka kwenye maoni ukaingia kwenye madai, kinga inaisha. Fox waliruhusu hewani madai kwamba mashine za kupigia kura za kampuni ya Dominion ziliiba kura za 2020, kesi ilipokaribia meseji za ndani zikatoka zikionyesha baadhi ya watangazaji wao wenyewe hawakuwa wakiyaamini, na tarehe 18 Aprili 2023 wakakubali kulipa dola milioni 787.5. Mzee aliambiwa hilo na nani kwenye klipu zake? Hakuna aliyemwambia.

Sasa ile klipu. Mara ya kwanza nilisikiza Kiswahili tu kama anavyosikiza mzee, na nakiri inasisimua. Mara ya pili nikazima sauti nikatazama picha. Ina sekunde 58. Kwenye sekunde ya 21 kichwa cha yule bwana kinaruka, alikuwa ameegemea kushoto ghafla yuko katikati, hapo pamekatwa. Sekunde ya 40 tai aliyovaa imegeuka rangi, ilikuwa ya buluu sasa nyekundu, na kikombe kilichokuwa mezani hakipo, manake hiyo ni siku nyingine, labda mada nyingine kabisa. Pembeni juu nembo ya kituo imefunikwa na ukungu. Halafu nikaweka spika sikioni nisikie Kiingereza kinachopita chini ya ile sauti ya Kiswahili, na hapo ndo nilirudia rudia hadi mara ya sita. Yule bwana anasema kwamba yeye hatashangaa kama hivi vituo vinaambiwa cha kusema. Hatashangaa. Sauti ya Kiswahili juu yake inasema, "Vituo vyote vya televisheni vinaamrishwa cha kusema." Lile "sitashangaa" limemezwa. Mwenye maoni alikuwa amejikinga kwa neno moja, kama wanavyojikinga mahakamani, na aliyeweka Kiswahili amelitoa hilo neno, maoni yakafika Kisauni yakiwa habari. Huyo wa Kiswahili hana jina, hana ofisi, hana benchi ya mapokezi ambapo mzee anaweza kwenda kuketi akauliza mbona umebadilisha maneno.

Hapo ndo nasema dawa ni mbovu kuliko ugonjwa. Mzee amekimbia watu wanaokata akaenda kwa watu wanaokata zaidi, wakakata kilichokwisha katwa, na hawawajibiki popote.

Kwa nini zinakuja mfululizo? Hakuna mtu amemlenga babako. Mtambo wa kuchagua video unapima kitu rahisi, ameangalia sekunde ngapi, ameguswa akabonyeza nini, amemtumia nani. Facebook kuanzia 2017 walikuwa wakihesabu zile alama za hisia, ya hasira ikiwemo, uzito mara 5 ya like ya kawaida, baadaye wakapunguza walipoona balaa yake. Mzee akiangalia klipu moja hadi mwisho, kesho anapata tatu. Akiamka alfajiri, hana kazi ya kwenda, bandari imeisha, marafiki wengine wametangulia mbele ya haki, simu ndiyo inayomwambia bado mawazo yako yana maana. Hilo mwanangu nadhani ni kubwa kuliko siasa yote niliyoandika hapa.

Nimtolee app? Hapana. Nakwambia hapana kwa mkazo. Ni mtu mzima, ni babako, na ukifanya hivyo kwa siri akija kugundua (atagundua, mjukuu atamrudishia kwa dakika mbili) utakuwa umemthibitishia kila alichoambiwa, kwamba kuna watu wanaamua asikie nini. Kubishana mbele ya watu nako hakufai, mzee hawezi kukubali kosa mbele ya sinia watoto wake wakimtazama. Kumtumia kwenye grupu linki za kupinga kila alichofowadi, nimeona familia zimejaribu, inakuwa ligi. Kinachofanya kazi ni kigumu kwa sababu kinakula muda: kukaa naye, mkatazama pamoja vile vitu anavyovipenda, ukiwa na hamu ya kweli. Mwulize huyu ni ripota ama mchambuzi. Mwulize tungeipata wapi nzima. Kwenye WhatsApp mwonyeshe zile mishale miwili pamoja juu ya ujumbe, maana yake umeshapitia mikono mingi, na wenyewe WhatsApp tangu Aprili 2020 wamezuia ujumbe wa aina hiyo usitumwe kwa zaidi ya chati moja kwa mara moja. Usimwambie ni uongo, mwambie hatujui umetoka kwa nani.

Na usimnyang'anye uhafidhina wake, mtafutie ulio bora. Wapo wahafidhina wanaoandika kwa majina yao na wakikosea wanasahihisha. Wall Street Journal ina kurasa za maoni za kihafidhina waziwazi na chumba cha habari chenye wahariri wengine kabisa, National Review ipo tangu 1955 na imewahi kumpinga Trump mwenyewe. Mzee hasomi Kiingereza kirefu? Nduguyo anasoma. Mpe hiyo kazi, amsomee babake makala moja kwa wiki, ya mtu ambaye yeye kijana hakubaliani naye, amtafsirie kwa uaminifu bila kumeza "nadhani" wala "huenda". Watabishana, lakini watabishana juu ya kitu kilichoko mezani.

Kama kuna habari ya hapa nyumbani iliyomuudhi kwa haki, asibaki kunung'unika. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, chini ya sheria ya 2013, lina tume ya kusikiliza malalamiko dhidi ya waandishi na vyombo vyao. Mwandikie mzee barua yake, atie sahihi mwenyewe. Ama aende kwenye kituo kile aketi pale mapokezi. Nakuhakikishia mhariri anamkumbuka mzee aliyekuja na kofia mkononi kuliko komenti elfu.

Kuna mahali ushauri wangu unakomea na unahitaji mtu wa kukutana naye uso kwa uso. Kama anayofowadi yameanza kutaja kabila fulani ama dini fulani waondolewe ama wapigwe, mwambie imamu anayemheshimu ama mzee wa mtaa aje akae naye mapema, na mjue kwamba sheria ya uwiano na utangamano ina faini hadi shilingi milioni 1 ama kifungo hadi miaka 3 kwa matamshi ya chuki, na kufowadi hakukutoi hatiani. Kama ameanza kutuma hela kwa watu wa kwenye klipu, kaa naye na M-Pesa yake wiki hiyohiyo. Na angalia hili kwa makini: kama si maoni tu yaliyobadilika bali yeye mwenyewe, hapati usingizi, anakushuku wewe ama mamako kwamba mnamwibia ama mnamtilia kitu chakulani, anasahau njia ya msikitini, amekuwa mkali ghafla mtu ambaye hakuwa hivyo, hapo usiniandikie mimi wala usimlaumu Trump. Mpeleke kwa daktari, Coast General ama Port Reitz ambako wana huduma za afya ya akili, kwa sababu kwa mtu wa umri wetu mabadiliko ya namna hiyo yanaweza kuwa ni presha, sukari, huzuni ya kustaafu, ama mwanzo wa maradhi ya kusahau, na mengine yanatibika yakiwahiwa.

Lakini kwa ulivyomweleza sioni hayo. Naona mzee aliyekerwa na ana sababu.

Anza na ile ya BBC, kwa sababu hapo yeye yuko sawa na wewe unaweza kumwambia hivyo kwa moyo mweupe, baba hapa ulisema kweli. Chagua baada ya Isha, siku ya kwanza nduguyo asiwepo. Simu ashike yeye. Mkishaona jinsi zile sentensi mbili zilivyounganishwa, mwulize zile dakika 50 na ushee za katikati zilikuwa zinasema nini. Hotuba nzima ipo, inazidi saa moja, akitaka kuisikiza mtafutie, hata ikimaliza bando la wiki. Ile klipu ya tai mbili iache mpaka siku ya pili.